Alama za njia msituni zisiache kovu kwenye miti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na waandaaji wa mbio za msituni, walimu wanaopeleka wanafunzi matembezini, viongozi wa skauti na wote wanaofungua njia za muda kwenye misitu ya Moshi na Arusha. Mara nyingi njia hizi huwekewa alama jioni moja kabla ya shughuli, tena kwa chochote kilicho karibu: misumari ya inchi tatu, kopo la rangi ya mafuta lililobaki ujenzini, au panga. Shughuli yenyewe inakwisha kabla ya saa sita mchana. Mti unabaki na jeraha lake miaka yote utakayoishi, na linaloumiza zaidi ni kwamba hapakuwa na ulazima wowote. Njia ya kilomita 10 inaweza kuwekewa alama kwa mita tano tu za kitambaa.

Gome la mti si ganda la kufunikia tu. Chini ya lile tabaka kavu tunaloligusa kuna utando laini, wenye majimaji, unaoteremsha chakula kutoka kwenye majani hadi mizizini. Chini ya utando huo kuna kambiamu, tabaka jembamba mno linalozaa mbao mpya upande wa ndani na gome jipya upande wa nje. Kwenye mti mchanga wenye unene wa kifundo cha mkono, vyote hivyo kwa pamoja havifiki sentimita moja. Pigo moja la panga, lile la "kuonyesha njia", linavipita vyote hadi kwenye mbao.

Watu husema mti utapona. Hauponi kwa namna ngozi ya mtu inavyopona. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani aliyepasua magogo kwa maelfu ili kuchunguza uozo, alionyesha kwamba mti haukarabati sehemu iliyojeruhiwa. Huizingira kwa ukuta, kisha huotesha mbao mpya kuizunguka. Jeraha la zamani linabaki mle ndani. Ukuta ukichelewa, kuvu huwahi, na uozo hupanda na kushuka ndani ya shina ilhali nje gome limeshajifunga na mpita njia anaona mti mzima.

Msumari hufanya tundu dogo kuliko panga, ndiyo maana hudharauliwa. Lakini mti unanenepa, gome linaumeza, na baada ya miaka kadhaa hakuna anayejua kwamba upo, mpaka siku mtu atakapopitisha msumeno. Meno ya msumeno hukatika, na kama ni msumeno wa mnyororo, unaweza kumrudia anayeushika. Waya na kamba ya manila ndivyo vibaya kuliko vyote, kwa kuwa siku ile havijeruhi. Vinajeruhi vikisahauliwa. Shina linanenepa, kamba haitanuki, inazama kwenye gome na kukata njia ya chakula mzunguko mzima. Mizizi inakufa njaa taratibu, kisha mti wote.

Rangi ya mafuta kwenye gome nene la msindano haiui mti, lakini inakaa miaka, na njia ikibadilishwa mwaka unaofuata, alama za zamani zinawapeleka watu korongoni. Kwenye miti yenye gome jembamba inaziba vitundu ambavyo shina hupumulia. Kwenye mkaratusi ni kazi bure: mti huo hujichuna gome, na alama huanguka nalo.

Kinachofaa ni kitambaa cha pamba tupu, chepesi, chenye rangi kali. Marikani iliyotiwa rangi inafaa sana. Hakikisha ni pamba kweli, usitegemee neno la dukani. Chomoa uzi mmoja uuwashe kwa kiberiti: pamba huwaka na kunuka kama karatasi iliyoungua, kisha hubaki majivu laini yanayopotea ukiyafikicha kwa vidole. Poliesta huyeyuka na kujikunja kuwa kitonge kigumu. Ukiona kitonge, tafuta kitambaa kingine.

Nasisitiza pamba kwa sababu hata mkusanyaji makini huacha tepe chache nyuma, na utepe wa pamba uliosahaulika huoza. Ule wa plastiki hukaushwa na jua, hukatikakatika, na vipande vyake havirudi tena mkononi mwa mtu. Mbuzi na ng'ombe wanaopita pembezoni mwa msitu huvila, na plastiki haisagiki tumboni. Hujikusanya mpaka mnyama anashindwa kula. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Haifai tuirudishe plastiki hiyo msituni kwa umbo la utepe.

Kukata tepe ni kazi ya saa moja. Chukua kitambaa chenye upana wa mita 1.5. Pembeni mwake chanja kwa mkasi, mkato mfupi kila baada ya sentimita 3, kisha kamata pande mbili za mkato uvute. Pamba iliyofumwa kwenye mtambo huchanika ikifuata uzi wake, imenyooka hadi ukingo wa pili, na sauti yake kavu inakuambia kwamba inakwenda sawa. (Kitambaa cha fulana hakichaniki hivyo, kinavutika tu, kiache.) Kila mita ya kitambaa inakupa vipande 33, na kila kipande ukikikata mara tatu unapata tepe 99 za sentimita 50. Sasa piga hesabu ya njia yako. Msituni, alama moja kila mita 25 ni alama 40 kwa kilomita, yaani 400 kwa kilomita 10. Ongeza nne kwa kila njia panda, na akiba ya moja katika kila kumi. Mita tano za kitambaa zinatosha. Upana usizidi sentimita 5, kwa kuwa utepe mpana hushika upepo, hujizungusha kwenye tawi na kujifunga wenyewe, na kwa mbali huonekana kama jani lililokauka.

Fundo ndilo linaloamua kama utepe utarudi au utabaki. Wengi hufunga mafundo mawili magumu, moja juu ya jingine, halafu mvua inanyesha, pamba inavimba, na siku ya kukusanya mtu anaona ni rahisi kuvunja tawi kuliko kufungua. Funga kama unavyofunga kamba ya kiatu, lakini kwa kitanzi kimoja tu: zungusha utepe kwenye tawi, pitisha fundo la kwanza, kisha kwenye fundo la pili ingiza kitanzi badala ya ncha. Ncha fupi ikivutwa, fundo lote linaachia kwa mkono mmoja. Fundo lisibane, kidole kimoja kipite kati ya utepe na tawi. Baada ya kufunga, sentimita 25 hadi 30 ziwe zinaning'inia.

Tawi la kufungia liwe na unene wa kidole, liwe hai, na utepe ukae nyuma kidogo, mbali na ncha ambako machipukizi yanatoka. Usifunge kwenye kilele cha mche mdogo. Kilele kikipinda au kikivunjika kwa uzito wa utepe uliolowa, mche unapoteza shina lake kuu na kuota panda. Katika mashamba ya miti, mfano misindano iliyopogolewa, hakuna tawi linalofikika. Hapo zungusha kamba ya katani kwenye shina, ilegee, uifunge kwa kitanzi kilekile, na uning'inize utepe kwenye kamba. Kwa siku mbili tatu haidhuru kitu. Kwa mwezi mmoja sikubali, kwa sababu mwezi huwa mwaka.

Kuna wanaotumia vibanio vya nguo vya mbao vilivyofungwa utepe, na kwa wale wanaorudia njia kila mwezi ni chaguo zuri kuliko fundo: kinabanwa kwenye kitawi chenye unene wa penseli, kinatolewa kwa kukiminya, na kinatumika tena. Vya plastiki hupasuka vikipigwa na jua. Tatizo la vibanio ni moja tu, kwamba watoto huvipenda. Njia inayopita karibu na nyumba za watu ifungwe asubuhi ileile ya shughuli, na watoto wa pale waambiwe mapema kinachofanyika. Wakielezwa, wao ndio huwa walinzi wa kwanza.

Nikirudi kwenye umbali. Mita 25 ni wastani tu, si sheria. Sheria ni kwamba mtu akisimama kwenye alama moja aione inayofuata bila kuhama. Kwenye kichaka kizito hilo linaweza kuwa mita 10. Kwenye barabara ya shamba la miti lililonyooka hata mita 60 zinatosha. Urefu kutoka ardhini uwe mita 1.5 hadi 2, kiwango cha macho, na alama zote zikae upande mmoja wa njia, tuseme kulia, mwanzo hadi mwisho. Mtu aliyechoka hatafuti; anatazama pale alipozoea kuiona alama. Isipokuwa kwenye kona: hapo weka alama upande wa nje wa kona, hata kama ni kushoto, maana macho ya mtu anayekuja yanakwenda moja kwa moja mbele kabla miguu haijapinda.

Njia panda ndiyo inayopoteza watu. Alama moja pale pale panda haitoshi. Weka tepe mbili kwenye tawi moja mita 10 kabla, ili mtu ajue kuna jambo mbele. Weka moja kwenye kona yenyewe. Kisha weka nyingine mita 10 hadi 15 ndani ya njia sahihi, inayomthibitishia kwamba hakukosea. Bila hii ya mwisho watu husimama, hubishana, na wengine hurudi nyuma. Njia isiyo sahihi izibwe kwa matawi makavu yaliyokwisha kuanguka, yalazwe kukata njia. Usikate matawi mabichi kwa kazi hiyo, na yaliyolazwa yaondolewe siku hiyohiyo, kwani njia hiyo ni ya watu wanaokwenda kuteka maji au kuchuma majani ya mifugo.

Kuhusu rangi, pinki kali ndiyo bora, kwa kuwa ni adimu sana kuikuta kwenye majani, magome au udongo wetu. Nyekundu inadanganya: dukani inang'aa, lakini chini ya miti mirefu alfajiri na jioni jicho huiona kama nyeusi. Bluu hubaki ikionekana hata mwanga unapofifia. Nyeupe hufanana na ukungu wa magome na vipande vya jua vinavyochuja majanini. Njano wakati wa kiangazi inapotea katikati ya majani yanayokauka. Kama njia za umbali tofauti zinashirikiana kipande kimoja, kila umbali uwe na rangi yake tangu mwanzo. Kwa mwendo wa usiku, kata vipande vidogo vya ile tepe ya kuakisi mwanga inayobandikwa nyuma ya malori, ushonee kwenye kila utepe, na usisahau kwamba hiyo ni plastiki: lazima irudi yote.

Penye uwazi pasipo na miti, tumia vijiti vya mianzi au fito vya mita 1.2, vichimbiwe sentimita 30. Viletwe kutoka nje, visikatwe msituni, na vikae angalau mita moja kutoka kwenye shina, kwa sababu mizizi midogo inayofyonza maji iko juu juu kwenye udongo. Kwenye msitu wa Rau hapa Moshi, ambao unaishi kwa maji ya ardhini, ardhi ni laini na ina unyevu, na mizizi ya miti mikubwa imetanda juu kabisa. Pale ni afadhali utepe tu, na njia ifuate vijia vilivyopo. Miguu mia mbili kwenye udongo uliolowa huugandamiza hata usipitishe hewa, na hiyo nayo ni namna ya kudhuru mti bila kuugusa.

Chokaa ya kuchorea viwanja vya mpira inatumiwa sana kwa mishale ya chini. Siipendekezi msituni. Inachoma macho na ngozi yenye jasho, inabadilisha udongo pale inapomwagwa, na kwenye miteremko ya Kilimanjaro mvua moja inaipeleka kwenye mfongo, ule mfereji wa asili wa maji, ambao watu wanautumia. Unga wa mahindi unaonekana salama, lakini hesabu konzi moja ya gramu 50 mara 400: ni kilo 20 za chakula zilizotupwa, zikavuta siafu na tumbili, na mvua ndogo tu inazifuta. Isitoshe, unga uliomwagwa njia panda unawatia hofu wakazi, na wana haki ya kuuliza umewekwa na nani na kwa nini. Kama mshale wa chini unahitajika kweli, tumia maranda kutoka karakana ya useremala, ya mbao za kawaida zisizotiwa dawa, yalowanishwe kidogo yasipeperuke. Kwenye udongo mweusi yanaonekana vizuri na yanaoza yenyewe.

Jambo la vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachagga, lisisahauliwe. Njia nyingi zinaanzia kwenye migomba kabla ya kufika msituni. Usifunge utepe kwenye masale. Kwa mgeni ni majani tu. Kwa wenyeji ni mpaka wa kihamba, na mara nyingi ni alama ya kaburi la mzee. Omba ruhusa kwa mwenye kihamba na ufunge kwenye mgrevilea wa pembeni atakaokuonyesha.

Na ruhusa haiishii hapo. Msitu wa hifadhi uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, hifadhi ya taifa iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), na msitu wa kijiji una serikali ya kijiji. Ule ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 upande wa kusini wa Kilimanjaro watu wengi huuchukulia kama pori la wote. Sivyo; ulizia kwanza nani anausimamia pale unapotaka kupita. Kwenye shamba la miti muulize msimamizi anatumia rangi gani kuwekea alama miti ya kupunguzwa na maeneo ya vipimo, kisha uchague nyingine kabisa. Utepe wako ukifanana na wake, watu wako watafuata alama za wakataji, na wakataji wanaweza kukosea kwa ajili ya alama zako.

Kabla ya siku yenyewe, mpe njia mtu asiyeijua. Mwache atangulie, wewe umfuate nyuma kimya. Kila anaposimama na kugeuza kichwa, hapo pana upungufu. Ongeza alama papo hapo. Asubuhi ya shughuli, saa mbili kabla ya kuanza, mtu mmoja apite tena njia nzima akiwa na tepe 30 mfukoni. Mbega na tumbili huchezea tepe, na kipindi cha masika mvua huzibandika kwenye matawi zikawa nyembamba kama uzi.

Kuondoa alama kupangwe tangu siku ya kuziweka, na kuwe na mtu wake. Andika namba kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kila utepe wa kumi, na andika kwenye daftari umetoa ngapi. Mtu huyo afuate nyuma ya mtembeaji wa mwisho na mfuko wa kitambaa, akusanye na kuhesabu. Ndani ya saa 48 mwingine apite njia hiyohiyo kwa kurudi nyuma, toka mwisho hadi mwanzo, maana utepe uliofichwa na tawi kwa upande mmoja huonekana kwa upande wa pili. Zikitoka 480 na kurudi 468, namba zitakuonyesha ni kipande kipi cha njia cha kurudia, badala ya kutembea kilomita zote 10. Tepe zilizorudi zifuliwe, zikauke, zifungwe mafungu ya 50. Zinatumika tena mara kadhaa.

Kwa miti ambayo tayari ina misumari: kama kichwa cha msumari bado kimetokeza, weka kipande cha ubao kati ya nyundo na gome, uung'oe taratibu kwa kufuata mwelekeo ulioingilia, na tundu uliache wazi. Usiliweke rangi wala lami. Kuliziba kunafungia unyevu ndani. Kama gome limeshaumeza msumari, usichimbe, utaongeza jeraha. Pima urefu wake kutoka ardhini, andika mti uko wapi, na umpe taarifa anayeusimamia msitu huo, ili siku mti utakapoangushwa anayeshika msumeno ajue.

Mdau wa misitu,
Moshi